Boti ya familia ya mita 6.8: tathmini baada ya msimu mmoja majini

Boti hii ikiwa imefungwa gatini humpendeza hata mtu asiyejua omo (mbele ya chombo) wala tezi (nyuma yake). Mstari wa juu wa ubavu wake unaanzia omoni, unateremka taratibu bila kukatika, kisha unaishia tezini karibu kabisa na maji. Kioo cha mbele kimelazwa kuelekea nyuma, vishikio na vifungio vya kamba vimezamishwa ndani ya sitaha, na hakuna kitu kilichochomoza cha kulizuia jicho. Nimeitumia kwa msimu mzima, mara nyingi tukiwa watu sita: mimi na mwenzangu, watoto watatu wa miaka 4, 9 na 13, na mama mkwe, ambaye yeye mwenyewe anapenda bahari lakini magoti yake hayapendi ngazi. Karakana iliyoiunda sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zimo katika boti nyingi za aina hii, nazo zinatokana na uamuzi uleule wa mchoraji, yaani kukifanya chombo kionekane chembamba na cha chini. Karibu kila nilichokipenda katika boti hii, na karibu kila kilichoniudhi, kimetoka katika uamuzi huo mmoja, na ndio nitakaoufuata katika tathmini yangu.

Vipimo vyake ni hivi. Urefu ni mita 6.8 na upana mita 2.3, tumbo na sitaha ni vya faiba, na uzito wake bila mashine ni kilo 1,150. Mashine inafungwa nje ya tezi, ni ya petroli, ya mapigo manne, yenye nguvu farasi 150, nayo peke yake inakaribia kilo 220. Tangi linachukua lita 160. Boti imeidhinishwa kubeba watu saba katika kundi C la kanuni za Ulaya, maana yake imekusudiwa upepo usiozidi nguvu 6 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi yasiyozidi mita 2. Kikomo hicho kisichukuliwe kuwa mwaliko, kwani mawimbi ya mita 2 katika chombo cha urefu huu ni jambo la kumwombea adui, si la kuwapelekea watoto.

Tumbo ndiyo sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Limechongwa kwa umbo la V, ambalo tezini kila upande unapanda kwa digrii 20, na kadiri unavyokwenda omoni ndivyo pembe inavyozidi kuwa kali. Umbo hili lina historia yake: Mmarekani Ray Hunt ndiye aliyeonyesha kwamba V kali ikiendelezwa hadi tezini, badala ya kulazwa bapa kama ilivyozoeleka, chombo kinaweza kwenda kasi katika bahari iliyochafuka bila kuwavunja migongo waliomo. Mwaka 1960 boti iliyoitwa Moppie, iliyojengwa kwa mchoro wake, ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau, na tangu hapo wachoraji wa boti za kasi wamekuwa wakikopa kutoka kwake. Digrii 20 za boti hii ni maridhiano. Pembe kali zaidi ingelainisha mapigo ya mawimbi lakini ingedai nguvu zaidi ya mashine na ingeyumba zaidi chombo kikisimama. Pembe iliyolala ingetulia vizuri wakati wa kuvua samaki lakini ingegonga kila wimbi kama mlango unaobamizwa. Katika mawimbi mafupi ya nusu mita, tukienda kilomita 35 kwa saa, mdogo wetu wa miaka 4 alisinzia mapajani pa mama yake, na hilo kwangu ni kipimo tosha cha ulaini wa tumbo.

Alisinzia, lakini alikuwa katikati ya boti. Omo ya chombo chochote cha mwendo wa kasi hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine, na viti vya omoni katika boti hii, ambavyo katika picha za matangazo hukaliwa na watoto wanaocheka, ni mahali pa kukaa nanga ikiwa imetiwa au boti ikienda mwendo wa kutembea tu. Ubavu wa omoni ukiwa wa chini, kishikio chake nacho ni cha chini: mtoto wa miaka 9 akiwa amekaa, kishikio kinamfikia kiunoni, na akisimama kinamfikia magotini. Kishikio cha magotini hakimzuii mtu kuanguka, kinamkwaza tu. Tuliweka sheria siku ya kwanza kwamba mashine ikiongezwa moto, omoni hakai mtu, na wanetu waliizoea sheria hiyo haraka kuliko wageni wetu watu wazima.

Wembamba una faida na hasara zake, na hapa inafaa kusema kidogo kuhusu hesabu iliyo nyuma yake. Kwa vyombo vyenye urefu na uzito sawa, uwezo wa kupinga kuinama unapoanza tu hutegemea upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiongeza upana kwa asilimia 10 tu, uwezo huo hupanda kwa takriban theluthi moja. Mchoraji aliyebana upana wa boti hii ili ionekane kama mkuki amelipa kwa sarafu hiyo. Siku moja pomboo walitokea upande wa kulia tukiwa tumesimama, na watu watano kati ya sita wakakimbilia upande huo kwa pamoja. Boti ikainama mpaka maji yakabaki kama shubiri mbili kutoka ukingoni, mfuko wa matunda ukabingirika, na mimi nikajikuta nimesimama peke yangu upande wa pili nikiwa nimeshika usukani kana kwamba ungenisaidia. Halafu ikagoma kuinama zaidi. Ndipo nilipozitambua kingo pana na bapa zilizopo pale tumbo linapokutana na ubavu: boti ikiinama, ukingo wa upande huo unazama na kuongeza upana ulio majini, kwa hiyo inainama haraka mwanzoni kisha inakuwa nzito. Ni dawa nzuri ya ugonjwa ambao mchoraji ameuleta mwenyewe. Mtu anayetaka boti ya kuvulia samaki huku watu wanne wakiegemea upande mmoja aitafute iliyo pana zaidi.

Tezini ndiko uzuri na manufaa vinakopatana. Kwa kuwa ubavu unashuka, jukwaa la kuogelea liko sentimita 25 tu juu ya maji, na pande zote mbili za mashine zina nafasi ya mtu mzima kukaa na kuning'iniza miguu. Kutoka hapo unaingia ndani kwa kigeti bila kuruka kiti chochote, jambo ambalo boti nyingi za urefu huu zimelikosa kwa kuweka kochi moja refu linaloziba tezi yote. Watoto walishuka na kupanda mara nyingi mno kwa siku, wakiwa wameloa, na sakafu yenye vijinundu vidogo haikumtelezesha hata mmoja wao.

Ngazi ilikuwa habari nyingine. Iliyokuja na boti ilikuwa na vipandio viwili, na kile cha chini kilizama kama sentimita 30. Mtoto mwepesi hujivuta kwa mikono na haoni tatizo. Mama mkwe alikishika kishikio, akainua mguu kukitafuta kipandio, mguu ukapita chini ya boti badala ya kukanyaga, na mwili wake ukavutwa nyuma; alijaribu mara tatu, kisha akacheka na kuniambia, "Mwanangu, hapa mtanivuta kama samaki, au nitaogelea mpaka nyumbani." Tulimvuta kama samaki, watu wawili, naye hakuumia. Ngazi ya boti ya familia inapaswa kuzama nusu mita au zaidi, ili goti lisihitaji kupanda juu ya kiuno, na inapaswa kuteremshwa na mtu aliye majini peke yake bila msaada wa aliye ndani, kwani anayeihitaji zaidi ni yule aliyeanguka bila kuonekana. Hii ya kwetu iliteremshwa kwa kufungua pini iliyokuwa upande wa ndani wa jukwaa, mahali ambapo mkono wa mtu aliye majini haufiki. Ninaamini pini ilifichwa pale ili isionekane.

Ukaribu wa tezi na maji una tatizo la pili, la kificho zaidi. Sakafu ya boti hii imeinuliwa juu ya usawa wa maji ili maji yanayoingia yatoke yenyewe kwa matundu mawili ya tezini, na mpangilio huo ni mzuri mradi sakafu ibaki juu ya usawa huo. Siku tuliyokuwa na tangi lililojaa, ambalo lina kilo zipatazo 118 za petroli, na sanduku la barafu limewekwa nyuma, na watu wanne wamekaa tezini wakila, matundu yalianza kufanya kazi kinyume. Mama mkwe ndiye aliyegundua. Alipandisha pindo la gauni lake na kuuliza, "Haya maji yametoka wapi?" Nikamjibu, "Mama, ni ya baharini, yameingia kututembelea." Yalikuwa kina cha kidole kimoja, hayakuwa ya hatari, na yaliondoka mara watu wawili waliposogea mbele, lakini vali ndogo za mpira ambazo zingeyazuia kurudi zilikuwa laini mno, na nimezibadilisha. Mchoraji angeweza kuiinua sakafu kwa sentimita 5, lakini basi kina cha ndani kingepungua na ubavu ungelazimika kupanda, na mstari ule mzuri ungepotea. Wahenga walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, yanakokusanyika maji), na hakuna anayeutii msemo huo kama maji. Kwa bahati njema, upande wa ngama sina lawama: pampu inajiwasha yenyewe, imeunganishwa moja kwa moja na betri hata swichi kuu ikizimwa, na nguruzi, yaani kizibo cha tundu la kutolea maji, inafikiwa kwa mkono bila kuvunja kidole.

Omoni hali ni kinyume. Pale ambapo tezi imenufaika kwa kuwa ya chini, omo imeumia. Upande wa joshi, yaani ule unakotoka upepo, rasharasha huruka juu ya ubavu na kumlowesha aliyekaa upande huo, kwa kuwa kioo kilicholazwa kinalinda usukani peke yake. Kingo mbili nyembamba zilizochomozwa chini ya tumbo kuyapeleka maji pembeni zinasaidia bahari ikiwa shwari tu. Hilo linavumilika, kwani mtu akienda baharini hutegemea kuloa. Lisilovumilika ni kisanduku cha nanga. Omo nyembamba na ya chini haina tumbo la kuhifadhia kitu, na kisanduku hiki kinameza mita 25 za kamba na mnyororo, kisha mfuniko unakataa kufunga. Kanuni ya kawaida ni kutoa kamba yenye urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina, ukihesabu kutoka sitaha hadi chini. Mahali penye maji ya mita 6, ukiongeza mita moja ya kimo cha omo, unahitaji mita 35 siku ya utulivu na karibu 50 upepo ukiongezeka. Kwa hiyo boti iliyoidhinishwa kwa upepo wa nguvu 6 imepewa mahali pa kuweka nanga ya siku isiyo na upepo. Jambo hili halionekani gatini wala katika safari ya majaribio, kwa sababu muuzaji hatii nanga.

Nahodha ametendewa haki kwa sehemu kubwa. Usukani ni mwepesi, kiti kinakunjika sehemu ya mbele ili uendeshe ukiwa umesimama, na vipimo vyote vinasomeka juani. Kasoro ipo katika dakika ile boti inapotoka mwendo wa polepole na kupanda juu ya maji. Chombo chenye urefu wa takriban mita 6 katika usawa wa maji kikifika kama kilomita 11 kwa saa huanza kulipanda wimbi kinalolitengeneza chenyewe, na omo huinuka mpaka kitakapolivuka. Katika boti hii, ikiwa na watu nyuma, omo iliniziba macho kwa sekunde saba au nane hivi, na muda huo ni mrefu sana mahali penye waogeleaji. Kiti kimeshushwa ili kichwa cha nahodha kisivunje umbo la boti likitazamwa kwa pembeni. Dawa ni kusimama kila unapoongeza moto, kuwasogeza watu wawili mbele, na kuanza mashine ikiwa imeelekezwa chini kabisa. Kamba ya kuzimia mashine, ambayo nahodha huifunga mwilini ili akianguka mashine izime, imewekwa mahali pazuri na ni ndefu vya kutosha. Marekani imeyafanya matumizi yake kuwa ya lazima tangu Aprili 2021 kwa boti nyingi zilizo chini ya futi 26, na katika chombo chenye watoto sioni sababu ya kusubiri sheria.

Mahali wembamba unapolipa ni kwenye petroli. Tukiwa sita na mizigo ya siku moja, kwa mwendo wa kilomita 38 kwa saa, mashine ilikunywa kama lita 25 kwa saa, yaani takriban theluthi mbili za lita kwa kila kilomita. Ukifuata desturi ya mabaharia ya kutumia theluthi moja ya tangi kwenda, theluthi moja kurudi na kuiacha moja kwa dharura, unaweza kwenda karibu kilomita 80 na kurudi, umbali ambao hakuna mtoto ninayemjua atakayeuvumilia. Kasi ya juu tuliyoipata ni kilomita 57 kwa saa. Sijaona sababu ya kuirudia.

Kivuli ni turubai linalokunjwa na kuzama ndani ya mfuko nyuma ya viti, na likiwa limekunjwa huwezi kujua kwamba lipo. Likifunguliwa linafunika usukani na viti viwili tu, nguzo zake zinalia mwendo ukizidi kilomita 30, na watu wanne wanabaki juani. Kwa boti inayouzwa kwa familia, hilo ni kosa kubwa kuliko linavyosikika, kwani kinachokatisha safari zetu mara nyingi si mawimbi wala petroli bali jua la saa saba mchana. Liko pia jambo la usalama ambalo kitabu cha maelekezo kinaligusa kwa sentensi moja tu: turubai likifungwa mbele na kuachwa wazi nyuma, hewa huzunguka na kuvuta moshi wa mashine kuingia ndani, pamoja na ile gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Kwa sababu hiyo hiyo, mashine inapaswa kuzimwa kabisa kabla mtu yeyote hajakaa kwenye jukwaa la kuogelea, hata kama rafadha, yaani panga la mashine linalosukuma maji, haizunguki.

Mengine ni madogo. Vifungio vya kamba vinavyozama sitahani vinapendeza na havimkwazi mtu, lakini chumvi ilivigandisha viwili kati ya sita ndani ya miezi miwili, na vyote hudondosha maji kwenye makabati yaliyo chini yake. Mito ya viti imeshonwa vizuri na haijaota ukungu, kwa kuwa makabati yana mifereji midogo ukingoni. Dafrau nne, yale maboya ya kuukinga ubavu usigonge gati, zina mahali pake maalumu pa kuhifadhiwa, na nikiri kwamba nililifurahia jambo hilo kuliko linavyostahili. Rangi ya buluu iliyokoza ya ubavu huonyesha kila mkwaruzo wa gati. Choo kimebanwa ndani ya kabati la usukani. Mtu mzima huingia kinyumenyume, na magoti yake hukaa nje mpaka ayapange upya.

Kwa familia ya watu wanne inayosafiri kutoka ufuko hadi ufuko, inayopenda kuogelea na isiyolala ndani ya chombo, ningeipendekeza boti hii bila kusita sana, kwa masharti kwamba mnunuzi akague ngazi na kupima kisanduku cha nanga kwa kamba halisi kabla ya kulipa. Kwa watu sita wanaobeba sanduku la barafu, ningewashauri watafute iliyo pana kwa sentimita 20 zaidi na wakubali kwamba haitapigwa picha nyingi. Karakana nimeiandikia kuhusu pini ya ngazi na kimo cha kiti cha nahodha, na wamejibu kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Ngazi yenyewe nimekwisha kuibadilisha kwa yenye vipandio vinne, inayovutwa kwa kamba kutoka majini, na mama mkwe huipanda bila kumwita mtu. Kisanduku cha nanga sijakipatia ufumbuzi. Kamba yangu ya mita 50 ingali imelala ndani ya ndoo chini ya kiti cha mama mkwe, naye hupenda kuweka viatu vyake juu yake.